Kutoka Moshi Kumtafuta Babu Aliyezama na Khedive Ismail

Tuliondoka stendi ya Moshi alfajiri, mimi na shangazi, kwa basi la Nairobi linalopitia Arusha na Namanga. Shangazi alizaliwa babu akiwa tayari jeshini, hivyo hakuwahi kumwona baba yake. Alichokijua ni maneno ya nyumbani Marangu tu, kwamba alikuwa askari wa mizinga na kwamba alibaki baharini. Kwetu Wachaga mtu huzikwa kihambani mwake, penye migomba yake, na bibi alikufa akiwa mjane asiyekuwa na kaburi la mumewe la kuwaonyesha wanawe.

Baada ya Arusha nilimsimulia niliyoyasoma. Meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa tarehe 5 Februari 1944, katika msafara wa meli tano za askari uliokuwa ukielekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500: mabaharia, wauguzi, na wengi kuliko wote, askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kabla dakika mbili hazijatimia, kiasi kwamba waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufikia ngazi. Walikufa karibu watu 1,300.

Yaliyofuata ndiyo mazito zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zikatupa mabomu ya majini papo hapo, ili isije ikazizamisha meli zilizobaki. Shangazi aliuliza kama waliotupa walijua kwamba kulikuwa na watu. Nikamjibu kuwa walijua. Kwa maoni yangu manahodha wale hawakuwa na njia iliyo njema. Yeye hakukubali, nami sikumbishia, kwa kuwa mimi ni mjukuu tu na yeye ni mtoto.

Mpakani hatukucheleweshwa. Mnara wa kumbukumbu tuliokuwa tukiufuata umo ndani ya Makaburi ya Vita yaliyo Barabara ya Ngong, Nairobi, na majina ya waliozama na meli ile yamechongwa humo pamoja na ya wengine wasio na kaburi. Tulipoliona la babu, shangazi alitaka kuchota udongo. Nilimkumbusha kwamba babu hayumo katika udongo ule.

"Najua, mwanangu," alisema, "lakini jina lake lipo hapa, na kihambani halipo."

Tulikubaliana kuweka jiwe kando ya kaburi la bibi. Njia nzima ya kurudi tulijadili mwaka wa kuzaliwa wa babu, ambao nyumbani hakuna aliyewahi kuuandika, mpaka shangazi akaamua kwamba fundi achonge jina, jina la meli na tarehe ya kifo.