Mezani kwa Dhamiri

Jana usiku nilirudia tena ile karamu iliyomo katika Piers Plowman, shairi refu la dini alilotunga William Langland huko Uingereza katika karne ya 14. Humo sifa za moyo hutembea na kusema kama watu, na Dhamiri amealika watu chakula. Meza kuu kaketi daktari wa theolojia, anashindilia nyama na kushushia divai. Hata siku 4 hazijapita tangu alipokuwa kanisa kuu la St Paul's, London, akihubiri mateso aliyoyapata mtume Paulo. Pembeni, kwenye meza yao ndogo, wamekaa Subira na Will, msimulizi wetu. Wao wanaletewa mkate mchachu, na jina la mkate huo ni agite penitentiam, yaani "tubuni". Kinywaji chao ni diu perseverans, "mwenye kudumu siku nyingi". Kilatini kimepakuliwa, kinaliwa!

Subira anakula kwa furaha. Will ananuna, macho yote kwa daktari. Hapo nilifunga kitabu kidogo, maana nilijiona. Mwezi wa tatu huu nangoja malipo ya kazi niliyokwisha kuimaliza, na kila nikisikia mwenzangu kalipwa, moyo unachafuka. Mama akiniambia subira yavuta heri, naitikia kwa mdomo tu.

Baadaye mezani hapo panatamkwa patientes vincunt: wavumilivu hushinda. Maneno mawili basi, lakini wasomaji wa wakati ule walikuwa nayo tangu utotoni. Watoto walifundishwa Kilatini kwa Disticha Catonis, yaani "Beti za Cato", beti za maadili za karne ya 3 au ya 4, na humo mna ushauri wa kumshinda mtu kwa kumvumilia. Langland humtaja huyo Cato mara nyingi, kama sisi tunavyosema "wahenga walisema". Shairi lake halina vina vya mwisho. Mstari hushikwa na sauti za mwanzo wa maneno zinazojirudia. Katikati ya mwendo huo Kilatini huingia kama mzee aliyekohoa barazani, wote wakanyamaza. Katika miswada mingi ya mkono, wanakili waliyatia maneno hayo ya Kilatini wino mwekundu.

Karamu ikiisha, Dhamiri anaaga na kuandamana na Subira safarini. Mkobani Subira amebeba masurufu ya njiani: kiasi, maneno manyoofu na imani ya kweli. Nimeyaandika yote matatu kwenye daftari, juu ya namba ya simu nitakayopiga kesho asubuhi kuulizia malipo yangu.