Nimetoka kusikiliza redio ya 1943

Jamani, hapa mikono bado imenisisimka.

Nilivaa hedifoni nikaweka Suspense, mfululizo wa michezo ya redio wa shirika la utangazaji la CBS kule Marekani, kile kipindi cha Mei 1943 ambacho Agnes Moorehead anaigiza mama mgonjwa yuko kitandani, peke yake na simu tu. Yaani yule mama anavyopandisha sauti kwa opereta, unasikia hofu inamuingia kidogo kidogo!

Faili lenyewe ni mp3 ndogo tu, ila mikwaruzo ya santuri imo yote.

Enzi hizo walirekodi kwenye santuri za inchi 16, upande mmoja kama dakika 15 hivi, ndo maana vipindi vingi vya nusu saa ukitega sikio utasikia sauti inabadilika katikati, napenda sana hapo.

Nani mwingine anasikiliza hizi? Nitajieni kimoja cha kutisha, nakisikiliza usiku huu huu.