Mjaribuni Mtoto kwa Mtaji Mdogo

Assalaam alaykum, wazazi wenzetu wa Tanga.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha mayatima wajaribiwe kwanza, na wakionekana wana busara ndipo wakabidhiwe mali zao. Baadhi ya wanachuoni wamelieleza jaribio hilo kuwa ni kumpa mtoto fedha kidogo aizungushe huku akitazamwa. Sisi tunasomesha mpaka kidato cha nne, ajira hazionekani, ndipo tunamkabidhi laki tano kwa mkupuo. Zikipotea tunamwita mzembe. Hakujaribiwa, jamani!

Anzeni wakati wa likizo kwa kumpa mtoto shilingi 5,000. Asitembeze biashara saa za shule wala za madrasa. Tuseme amenunua machungwa 50 ya Muheza kwa 100 kila moja. 5 yameoza, 45 ameuza kwa 200. Mkononi ana 9,000, na hapa ndipo wengi huteleza, maana huziona zote ni zake. Kaa naye na daftari: toa mtaji 5,000, toa nauli na mifuko 1,000. Faida ni 3,000. Yale 5 nayo yaandikwe, kwani yamemkosesha 1,000 ya mauzo. Mara nyingi huoza kwa sababu yaliachwa ndani ya kiroba yakiwa na michubuko, na moja likishika ukungu huambukiza ya jirani. Yakifika tu, yamwagwe kwenye mkeka kivulini, yachambuliwe, yaliyochubuka yauzwe siku ile ile.

Faida hiyo, 1,500 iongeze mtaji, 1,000 iwe akiba, 500 atumie na atoe sadaka kwa mkono wake mwenyewe.

Akikopesha, aandike jina, kiasi na siku ya kulipwa, kama Al-Baqara aya ya 282 inavyotuelekeza katika madeni. Hata shangazi aandikwe. Nawe mzazi ukichota kwenye kopo lake, uandikwe, na ulipe siku uliyoahidi; hakuna kinachovunja funzo hili kama baba asiyerudisha.

Akielekea cherehani, hesabu ni hiyo hiyo. Malipo ya awali ya mteja ni kitambaa na uzi, si chakula cha fundi.

Daftari likinyooka miezi 3, mwongezee mpaka 20,000. Likipinda, usimfokee wala usimjazie pengo kimya kimya. Rudini nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka muone fedha ilipopotelea, kisha aanze tena na 2,000.