Simu janja yangu inalala dukani

Nauza vitenge na madera Kariakoo, na wateja wangu wengi sijawahi kuonana nao. Wako Mbeya, Songea, Kahama. Wanaona mzigo WhatsApp, wanatuma hela, mimi napeleka kifurushi stendi ya Magufuli kinapanda basi. Kwa hiyo mtu akiniambia "zima data upumzike", namwangalia tu. Nikizima data nimefunga duka.

Lakini usingizi ulikuwa umenikimbia. Saa sita usiku mtu anauliza "dera hili bei gani?", namjibu, halafu kidole kinahamia kwenye magrupu: kamati ya harusi, ukoo, kikoba, wazazi wa shule. Saa nane bado niko macho, naangalia video ya mtu nisiyemjua akikaanga samaki. Kuzima data usiku hakukunisaidia, maana kuiwasha ni kugusa mara moja tu.

Dawa ilikuwa kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Nilikinunua mtaa wa Aggrey, na kazi ikaanzia palepale. Laini yangu ilishakatwa ikawa ile ndogo kabisa, kitochi kinataka ile kubwa, kwa hiyo fundi akaipachika kwenye kifremu cha plastiki. Akanionya nisije nikachomeka kifremu kitupu: kinanasa kwenye vijino vya ndani, ukikivuta kinaving'oa. Halafu majina. Yote yalikuwa kwenye akaunti ya Google, kitochi hakiyaoni hata moja. Ikabidi niyahamishie kwenye laini, na laini nyingi zinabeba majina 250 hivi, tena yanakatwa mkia. Mama Neema wa Mbeya sasa anaitwa "Mama Neema Mbe". Ile kazi ya kuchagua nani aingie na nani abaki nje ilinifundisha mengi kuhusu marafiki zangu, ila hayo tuyaache.

Hela haikunisumbua kabisa. M-Pesa ya *150*00# haitaki data wala kioo kikubwa, kitochi kinatuma na kupokea kama kawaida.

Simu janja nikaiwekea laini nyingine ya bando. WhatsApp ikaendelea na namba ileile ya zamani, kwa sababu ukishaisajili haijali laini hiyo iko wapi. Kwa kuwa natumia ile ya biashara, nikatega ujumbe wa kujituma wenyewe tangu nikifunga mpaka nikifungua: "Duka limefungwa, nitakujibu asubuhi. Kama ni haraka, nipigie." Ujumbe huo hauendi kama simu haina intaneti, ndiyo maana siizimi. Naiacha kwenye droo, kwenye chaja, nafunga na ufunguo, naondoka na kitochi.

Wateja walinielewa kuliko ndugu. Anayeutaka mzigo kweli anapiga, na wengi wanaouliza bei usiku wa manane asubuhi bado wanaihitaji. Wapo waliohamia kwa wengine, siwezi kukataa. Mama mdogo ndiye aliyenuna. Aliona tiki mbili na jibu ni lile la duka tu, akanipigia: "We mtoto, siku hizi umejiona?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Usiku niko kwenye hii unayopiga sasa hivi." Siku hizi anapiga, na tunaongea mpaka salio lake linakata. Mwenyekiti wa kamati ya harusi naye alikuja juu na ahadi yangu ya mchango. Nikamwambia, "Kaka, nipe namba nirushe sasa hivi." Nikarusha, hajanitafuta tena.

Jioni za mwanzo zilikuwa ndefu, mkono unapapasa chini ya mto kutafuta kitu ambacho hakipo. Nikarudia redio. Taarifa ya habari ya saa mbili inanitosha, na asubuhi dukani sioni kama nimepitwa na la maana.

Kilichonishinda ni shule. Mwalimu anarusha picha ya kazi za nyumbani kwenye grupu la wazazi saa moja jioni, na kitochi hakina habari naye. Nimepatana na jirani ambaye mwanawe yuko darasa moja na wangu, ananitumia meseji ya kawaida: "Hisabati uk. 42, namba 1 hadi 10." Jumatatu hadi Alhamisi inakwenda vizuri. Ijumaa jirani anasafiri kwenda kwao Bagamoyo, na siku hiyo mtoto inabidi avuke barabara akaulize mwenyewe kwa mwenzake.