Siku moja maishani mwangu: konda wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha

Saa 10 alfajiri

Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, imeshaamka kabla ya jogoo. Tangu mabasi ya mikoani yahamie hapa kutoka Ubungo mwaka 2021, familia inayotoka Mbagala au Kigamboni huondoka nyumbani usiku mnene, kwa hiyo inanifikia mlangoni ikiwa tayari imechoka. Baba kabeba mtoto aliyelala, mama anahesabu mabegi, bibi anahesabu wajukuu. Neno la kwanza kwao si "tiketi". Ni "Shikamoo bibi, poleni na usingizi." Bibi akijibu, "Marahaba mwanangu, huo usingizi tumeuacha Mbagala, utakuja na basi la pili," wote wanacheka na foleni inaanza kusogea.

Naiandika siku hii saa kwa saa kwa ajili ya wanaosafiri na watoto, wazee na kuku. Safari ya familia huharibiwa na vitu vidogo, na hunogeshwa na vitu vidogo vilevile. Hakuna anayecheka huku mtoto anamtapikia mapajani, wala anayeshukuru huku hajui begi lake liko wapi. Hayo yakishawekwa sawa, utani na asante huja vyenyewe.

Saa 11 alfajiri

Buti hupangwa kinyume na safari. Mizigo ya Arusha inatangulia, ndani kabisa. Inafuata ya Moshi, kisha ya Mwanga na Same, na ya Korogwe inafungia mlango. Mpangilio ukivurugika, basi linasimama Mwanga juani robo saa nzima, magunia ya watu wengine yakishushwa barabarani ili kutafuta begi moja, na kila anayechungulia dirishani anamnunia mwenye begi, ambaye hana kosa lolote. Vitu vizito kama mchele, unga na nazi vinakaa chini na vinasambazwa, visirundikwe nyuma. Mizani ya Vigwaza inapima kila ekseli (mhimili wa magurudumu) peke yake. Moja ikizidi, tunasimama wote.

Halafu lipo shangazi kaja. Buti moja linaweza kubeba kumi la mabegi hayo ya miraba, yanafanana kama mapacha, na kibandiko cha namba hubanduka kwa kusuguana. Kinachodumu ni kipande cha kitenge, upana wa vidole vitatu, kilichopigwa mafundo mawili kwenye mkono wa begi. Familia nzima itumie kitenge kimoja. Ndani, juu ya nguo, iwekwe karatasi yenye jina na namba ya simu. Mafuta ya nazi, samli na asali visijazwe hadi shingoni: joto la buti huvitanua, kifuniko kinaachia, na nguo za sherehe zinafika Moshi zikinukia upishi. Acha nafasi ya vidole viwili, kisha simamisha chombo ndani ya ndoo.

Kuku afungwe miguu kwa kitambaa, si kwa kamba ya nailoni inayokata. Tenga liwe na matundu, lipandishwe mwisho, karibu na mlango wa buti, na lisiwekewe kitu juu. Mwenye kuku hushuka kila kituo kumtazama na kumpa maji, na kufikia Korogwe abiria wasiomjua wanamuuliza kwa huruma, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Saa 12 asubuhi

Milango inafungwa. Naomba mmoja wa abiria atuombee, na yeyote anayejitokeza, awe Mwislamu au Mkristo, basi zima linaitikia amina. Natangaza mikanda, vituo vya kusimama na majina ya madereva. Safari ndefu kama hii ina madereva wawili wanaopokezana, na nawataja ili watoto wawaamkie. Sauti ya mtoto wa miaka minne ikisema "Shikamoo dereva" kutoka siti ya tatu inatosha kumkumbusha aliyeshika usukani amebeba nani. Watu wazima nao hupenda kuisikia.

Siti ingefaa kuchaguliwa siku ya kukata tiketi, na watu wengi hawajui hesabu yake. Kutoka Chalinze kwenda Segera tunaelekea kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi linachoma upande wa kulia. Baada ya Korogwe tunakwenda kaskazini-magharibi, na jua la mchana linahamia kushoto. Mchana ndio mkali na ndio mrefu, na milima yote, Usambara, Upare na Kilimanjaro, iko kulia. Mwenye watoto akate kulia, nyuma ya upande wa dereva, kati ya siti ya tatu na ya sita. Asikate juu ya tairi la nyuma wala siti ya mwisho kabisa. Huko ndiko basi linakorusha, na huko ndiko watoto wanakotapikia.

Saa 1 hadi saa 3 asubuhi

Kibaha, Mlandizi, Vigwaza, Chalinze. Malori ni mengi, breki ni nyingi, na hapa ndipo kichefuchefu kinapoanza. Sikio na macho havikubaliani: sikio la ndani linahisi mwendo, macho yanatazama simu isiyotikisika. Dalili za kwanza si matapishi. Mtoto aliyekuwa anaongea ananyamaza, anapiga miayo, midomo inapauka, anameza mate mfululizo. Ukiziona, ondoa simu, fungua hewa, mwelekeze atazame mbali mbele barabarani, na umpe maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa. Ganda la chungwa likikunjwa karibu na pua huwasaidia wengi. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari, baada ya kumuuliza mfamasia kipimo cha umri wa mtoto. Akishaanza kutapika, dawa inatoka pamoja na chai.

Chai yenyewe ndiyo mkosaji mkubwa. Mtoto aliyenyweshwa chai ya maziwa na chapati tatu saa 11 alfajiri "asije akasikia njaa" atazirudisha kabla ya Chalinze. Kipande cha mkate au andazi moja na maji kinatosha, mengine baadaye. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, fanya kama wanavyofanya akina mama wazoefu: beba kopo tupu la siagi la kilo moja lenye mfuniko wake, chini uweke karatasi iliyokunjwa. Halivuji, halipasuki, linafunikwa harufu ikabaki humo, na kituo kinachofuata linasuuzwa na kuendelea na kazi.

Mtoto akishatapika, majirani wana namna mbili za kupokea jambo hilo, na mara nyingi konda ndiye anayeamua ipi itumike. Nikifika na maji, kitambaa na "Pole sana mwanangu, umetua mzigo," siti za jirani zinaanza kutoa tishu, pipi ya tangawizi, khanga ya kujifunika. Mama aliyekuwa anaona aibu anaanza kusema asante kulia na kushoto. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote.

Saa 3 hadi saa 5

Lugoba, Msata, daraja la Wami, Mkata, Kabuku, Segera. Swali la "tumefika?" linaanza hapa na halina jibu la dakika, kwa sababu mtoto hana kipimo cha saa nzima. Mpe vituo: tukivuka mto ni kimoja, tukiona njia ya Tanga ni cha pili, tukiona mashamba ya mkonge ni cha tatu. Vitendawili navyo vinaenda na barabara. Darajani natega, "Popoo mbili zavuka mto!" na watoto wanapiga kelele, "Macho!" Wauza nanasi wakitokea, "Kuku wangu katagia mibani!" Mayai ya kuchemsha yakinyanyuliwa dirishani, "Nyumba yangu haina mlango!" Bibi wa siti ya nyuma akijitokeza na vitendawili vyake, mimi nakaa pembeni, anavijua vingi kuliko mimi na anavitega vizuri zaidi.

Kuchimba dawa kunataka mpango. Vituo vya mafuta vina vyoo, na vingine hutoza, kwa hiyo weka sarafu za shilingi 200 na 500 mfuko wa mbele, si chini ya begi. Mtoto mdogo apelekwe hata akisema hana haja. Haja humjia basi likishashika mwendo. Mnaporejea, natazama siti kwa siti, sihesabu vichwa. Vichwa vinadanganya: mmoja kalala sakafuni, mwingine kahamia kwa rafiki mpya. Kila familia iteue mtu mmoja wa kusema "tumetimia". Wanaompa kazi hiyo mtoto wa miaka minane au tisa hawakosei, maana yule hatanii na cheo.

Saa 5 na nusu

Chakula, Korogwe. Dakika 20. Familia igawanyike: mtu mzima mmoja mezani, mwingine chooni na watoto. Agiza kilichoiva tayari, wali, ndizi au ugali. Chipsi mayai hukaangwa upya na muda wake unakwisha ukiwa bado unasubiri. Walichobeba nyumbani nacho kina mpaka wake: wali wa nazi na makande yaliyofungwa ya moto kwenye hotipoti huchacha kabla ya saa 6 siku ya joto. Viazi vya kuchemsha, chapati kavu, ndizi mbivu na karanga vinafika Arusha salama. Maziwa ya mtoto mchanga yabebwe unga, maji ya moto kwenye chupa ya chai, na yakorogwe wakati wa kunywa; yaliyobaki yamwagwe.

Saa 6 hadi saa 9

Mombo, njia panda ya Lushoto, kisha Hedaru, Makanya na Same. Familia nyingi hununua matunda ya Lushoto hapa, na karibu kila mara kuna mtu anayemtengea dereva mfuko wake.

Tukiwa chini ya milima ya Upare, utani unafunguliwa, kwa maana Wachaga na Wapare ni watani wa jadi, na basi hili limewajaa wote. Mchaga anasema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mpare anauliza kwa nini Mchaga hukumbuka nyumbani Desemba tu, tena "kwenda kuhesabiwa". Mimi hutangaza, "Wapare wa Same, jiandaeni kushuka, Wachaga, angalieni mabegi yenu," na dakika moja baadaye mzee wa Kipare ananijibu, "Angalieni na nauli zenu, konda mwenyewe ni Mchaga!" Watoto waliozaliwa Dar husikia hapo kwamba wana watani, na huwauliza wazazi, "Sisi ni kina nani?" Ni swali zuri, na kuna saa tatu za kulijibu kabla ya Arusha.

Utani una masharti yake. Anza na mtu mzima, usianze na mtoto. Taja kabila au tabia ya jumla, usiguse mwili wa mtu, ndoa yake wala mfuko wake. Asiyejibu aachwe.

Na kuna wanaokwenda msibani. Hutambulika mapema: tiketi zimekatwa usiku uleule, mizigo ni michache, simu hazikati, mama kajitanda khanga. Kwa ajili yao nawaomba wenye siti za jirani wabadilishane ili ndugu wakae pamoja, napunguza muziki, napeleka maji bila kuulizwa. Simtanii mfiwa, mtani wake halisi yupo na ana ruhusa ya jadi, hata ya kumchekesha kaburini. Mara nyingine mtani huyo yumo humohumo ndani ya basi, na mfiwa akicheka kidogo katikati ya machozi, basi zima linapumua.

Saa 9 hadi saa 11

Baada ya Mwanga watoto wanatafuta Kilimanjaro. Waambieni mapema kwamba mlima wenye mita 5,895 unaweza kufunikwa na mawingu wote wakati huu. Huonekana vizuri zaidi asubuhi na jioni. Kuanzia Himo hadi Moshi uko kulia, na wasioona kitu watazame juu zaidi ya wanapodhani. Kosa la wengi ni kutafuta kilele chini ya mawingu wakati kiko juu yake.

Moshi ndiko wengi wanakoshuka. Shusheni watu kwanza, mizigo baadaye, na mtoto mmoja abaki ameshika begi moja lisilohama ili familia iwe na mahali pa kukusanyikia. Wapokeaji wanasema "Poleni na safari", wanaoshuka wanajibu "Tumeshapoa". Wengi huzunguka hadi dirisha la dereva kusema asante, na wazee huongeza "Mungu akulinde urudi salama". Dereva hulipokea neno hilo akiwa ametoa kofia.

Saa 12 kasoro hadi usiku

Arusha. Buti linakuwa tupu, kuku kafika mzima. Napita siti kwa siti nikiinua mito: kiatu kimoja cha mtoto, kifuniko cha chupa ya maziwa, khanga, miwani ya bibi. Kila kitu kinaandikwa namba ya siti na tarehe, kisha kinapelekwa ofisini. Ukigundua umesahau kitu, piga namba iliyo kwenye tiketi usiku huohuo na utaje siti kabla ya kueleza kitu chenyewe, kwa sababu khanga za kijani ziko nyingi na siti ya 14 ni moja. Basi linarudi Dar kesho saa 12 asubuhi; kilichodaiwa kabla ya hapo kinampata mwenyewe Arusha.