Mangi alikaa na simu yangu

"Olewa, itaisha yenyewe." Huo ndio ushauri wa kwanza niliopewa, na mama mlezi wa kanisani. Nikaolewa 2019, na haikuisha. Nilipothubutu kumwambia shoga yangu, alicheka mpaka akashika mbavu: "Wee! Hayo si mambo ya wanaume?" Nikafunga mdomo miaka mingine mitatu.

Yenyewe ni video za ngono. Nilianza chuoni, flashi moja ikizunguka bwenini kama pakiti ya ubuyu. Wenzangu walichoka nayo, mimi nikabaki. Mume wangu anaendesha lori, Dar hadi Tunduma, wiki nzima hayupo, na bando la usiku ni bei ya chapati. Nikianza saa tano kwa "dakika kumi tu", nashtuliwa na adhana ya alfajiri. Kazini nasinzia kaunta mpaka wateja wakaanza kunipongeza kwa mimba.

Nilifunga siku saba. Siku ya nane nililipiza zote. Nikaweka kizuizi kwenye simu, ile sehemu ya mipangilio iitwayo DNS binafsi, inayoamua simu iulize wapi njia ya kufika kwenye tovuti: ukiandika family.cloudflare-dns.com, tovuti nyingi za aina hiyo hazifunguki. Kwa simu ya mtoto kinafaa sana. Kwangu mimi, aliyekiweka ndiye aliyejua pa kukitoa.

Ndipo nikapata akili nikamkabidhi Mangi wa duka la mtaani. Nikamwambia umeme wa kwangu unasumbua, simu ilale kwake kwenye chaji. Siku tatu nikajiona shujaa. Ya nne, saa tano usiku, anafunga duka, nimefika na kanga moja na kandambili za rangi mbili. "Mangi, nipe simu, mama anaumwa, lazima nimpigie." Yule baba ana roho nzuri, ndiyo iliyoniponza. Akachomoa simu yake mwenyewe: "Shika hii dada, ina dakika. Yako ishazimika." Akasimama hapo hapo, uso wa huruma. Ningefanyaje? Nikapiga. Mama akapokea kwa kelele: "Nani kafa?" Hakuna, mama. "Sasa namba ya nani hii? Mumeo kapinduka?" Nikamuuliza mgongo unaendeleaje, nao ulikuwa mzima tangu Krismasi. Mangi akanipa na maji ya kunywa.

Mshauri nasaha nilikuja kumpata baadaye, kama elfu thelathini kwa kikao, bodaboda sikuhesabu. Dhambi zangu hakuziuliza, aliuliza saa. Nikawa naandika nyuma ya daftari la vikoba: siku gani, saa ngapi, kabla yake kulitokea nini. Karibu zote ni usiku ambao simu ya mume haipatikani, au siku niliyofokewa kazini. Hamu yenyewe ilikuwa mara chache mno, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Akanieleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua mwenendo wa ngono uliomshinda mtu kuuzuia. Lakini kujiona mchafu peke yake hakukufanyi mgonjwa. Sharti mwenendo huo uwe umekutesa sana au umekuharibia maisha, kwa kawaida miezi sita au zaidi. Nililia pale, kwa sababu ya kijinga: orodha haijaandika kwamba ni ya wanaume.

Sijapona kama wanavyoshuhudia watu madhabahuni. Mwezi wa tano niliteleza usiku mbili, nikaziandika daftarini kama deni lingine lolote. Simu bado inalala dukani. Nina kitochi, nilikinunua kwa sababu ya mama, ambaye tangu usiku ule hakuniamini tena. Kila saa tano kamili anapiga kuhakikisha hakuna aliyekufa, kisha ananisimulia ugomvi wa majirani zake, kuku kwa kuku, hadi nasinzia nikiwa nimekilalia sikio.