Ghorofa la kwenye mtihani

Mpwa wangu wa hapa Mwanga, Kigoma, anajiandaa na IELTS, mtihani wa Kiingereza. Juzi nikampa kadi ya mada ya sehemu ya kuongea: elezea jengo refu unalolipenda au usilolipenda. Dakika moja ya kujipanga, kisha aongee hadi mbili.

Akakimbilia Burj Khalifa. Mita 828, lilifunguliwa 2010, basi, kimya. Dubai kwenyewe hajafika!

"Sasa mjomba, Kigoma kuna ghorofa gani?" (Stesheni ya Mjerumani nzuri, ila refu si refu.)

Msahihishaji hapimi mita. Anapima ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi. Nikamkumbusha ghorofa la Kariakoo anapoishi mama yake mdogo: lifti mbovu, ndoo za maji ngazini, harufu ya maandazi ghorofa ya nne. Kiingereza kikamtoka chenyewe, muda ukaisha bado anailaani lifti.

Kesho kadi ya chakula. Pizza nimepiga marufuku, ataongelea migebuka, samaki wa hapa kwetu.